Tangazo la Ndagala

KWA JINA LA SERIKALI TUKUFU YA KAISARI, mwenye amri juu ya nchi kavu, ziwa, na vyote viogeleavyo! Inatangazwa kwa wakazi wa Rumonge, wakubwa kwa wadogo, kwamba kuanzia leo kila ndagala atakayeanikwa mchangani ataanikwa kwa safu, kama askari kwenye gwaride, kichwa kikielekea nyumba ya Serikali na mkia ukielekea Kongo, ili naye aonyeshe heshima. Ndagala atakayekutwa amelala ovyo ataadhibiwa, yeye pamoja na aliyemvua.

Ndivyo lilivyosema tangazo lililopigiliwa misumari kwenye mchikichi wa ufukweni, Jumatatu moja ya mwaka 1911. Herufi zake zilikuwa kubwa, zimenyooshwa kwa rula, na chini yake palikuwa na tai wa Kaisari wa Ujerumani, kachorwa kwa mkono. Kasoro yake ilikuwa ndogo tu: Serikali haikuwa na habari nalo. Na yule tai, ukimtazama vizuri, alikuwa bata.

Hakuna aliyemtazama vizuri. Rumonge nzima ilitii. Wanawake walipiga magoti tangu alfajiri, wakiwapanga ndagala mmoja mmoja, samaki asiyezidi kidole, maelfu kwa maelfu, vichwa huku, mikia kule. Anayeijua kazi hiyo anajua kwamba ndagala humwagwa mchangani jua linapochomoza, akageuzwageuzwa, na jioni akawa mkavu. Siku hiyo jua lilifika utosini nusu yao wakiwa bado vikapuni, wakingoja zamu ya gwaride. Alasiri mvua ikashuka kutoka milimani. Samaki wa usiku mzima wakaoza pale pale, safu kwa safu, kwa heshima kubwa.

Luteni Brandau alifika Alhamisi kwa mashua kutoka Usumbura. Alinusa, akauliza, akaonyeshwa karatasi. Hakucheka. Kughushi amri ya Serikali ni kosa. Kumfanya Kaisari apigiwe saluti na ndagala ni kosa lisilo na jina. Watu walioweza kuandika herufi za Kizungu mjini walikuwa watatu: Mwalimu Shafii wa chuo cha Kurani, aliyejifunza akiwa karani wa misafara huko Ujiji; Asmani, mfanyabiashara wa chumvi; na karani wa Serikali. Karani ni Serikali, na Serikali haijiibii, kwa hiyo walibaki wawili. Askari walipekua nyumba ya Mwalimu Shafii wakakuta karatasi tupu kumi na tatu, zote za aina moja na ile ya mchikichini. Mzee akafungwa kamba. Jumamosi jua likifika utosini mashua ingeondoka naye: kwanza hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, gatini mbele ya watu, kisha mnyororo wa gereza la Usumbura. Mwalimu Shafii alikuwa amepita miaka sitini na alikohoa kila akicheka. Wapo waliokwisha kuanza kumwita marehemu, wakijirekebisha haraka.

Basi asubuhi ya Jumamosi hiyo ndipo Bwana Peli alipoketi kwenye baraza ya nyumba ya Serikali na kuomba apewe kiti cha pili, kwa ajili ya mshtakiwa.

Everett Pell, Bwana Peli kwa watu wa Rumonge, alikuwa Mmarekani mrefu mwenye masharubu meupe, msafiri aliyetoka Ujiji kwenda kuona mwisho wa ziwa. Luteni aliposikia kazi aliyokuwa akifanya kwao, alimwomba ashike mashtaka, ili ripoti yake ipendeze huko juu. Mmarekani alikubali kwa sharti moja: maswali yatangulie, adhabu ifuate.

Alijua Kijerumani, kwa kuwa alisomea sheria Ujerumani. Kiswahili hakukijua. Kwa hiyo kila neno lilipita kinywani mwa Feruzi bin Mbaraka, karani na mkalimani, umri miaka kumi na minane, mhitimu wa shule ya bweni ya pwani, kijana mwenye akili nyingi, sura njema, na unyenyekevu usio na kifani.

“Huko kwenu, Bwana, ulikuwa nani hasa?” Feruzi aliuliza wakati askari wamekwenda kumleta mzee.

“Mshtaki wa serikali. Miaka thelathini na mmoja.”

“Uliwashtaki akina nani?”

“Mwanzoni nilibeba mafaili ya wengine. Kisha nikapewa waghushi wa noti. Kisha bwana wa posta aliyefungua barua za wajane. Kisha kampuni ya sukari iliyoficha waya ndani ya mizani ya forodha. Kesi hiyo ilinila miaka minne. Kisha jaji.”

“Jaji alikuwa shahidi?”

“Mshtakiwa. Alikuwa akiuza hukumu. Kila Ijumaa tulikuwa tukila mezani pamoja.”

Feruzi alisahau kufunga mdomo. Katika dunia aliyoijua yeye, mshtaki, jaji na mshika kiboko walikuwa mtu mmoja, na mtu huyo kwa sasa alikuwa ndani akimeza kwinini.

“Mwisho,” Bwana Peli aliendelea, “nilikuwa mmoja wa mawakili wakuu wa serikali. Nilisimama zaidi ya mara sitini mbele ya wazee tisa wenye majoho meusi. Wakisema wao, hakuna wa kumkimbilia.”

“Na hukushindwa?”

“Nilishindwa mara nyingi, nikalala usingizi mzuri. Ipo mara moja nilishinda, nisilale.” Akaomba maji.

Mwalimu Shafii aliletwa. Alipoonyeshwa kiti alikitazama kama mtu aliyeonyeshwa mtego.

“Kaa, Mwalimu,” Feruzi alimwambia. “Bwana amesema ukae.”

“Nikae? Mushitaki anampa mushitakiwa kiti? Yee! Hiki kiti kina misumari?” Akakaa kwa upande mmoja, akakohoa. “Mwambie Bwana, Mungu amuzidishie.”

Maswali yalikuwa mafupi. Karatasi hizi ulizipata wapi? Nilipewa, niwaandikie watoto mifano. Ulipewa na nani? Mzee akamtazama Feruzi, macho yakatulia kidogo.

“Nilipewa na mutu mwema,” akasema. “Simutaji. Kama karatasi zinafunga watu, kwa nini nifungishe wawili?”

Feruzi alitafsiri: anasema alipewa zawadi na mtu asiyetaka kumtaja. Ilikuwa tafsiri sahihi. Kikombe cha maji kilichokuwa mkononi mwake, hata hivyo, alikirudisha mezani kwa mikono miwili.

“Tai huyu ulimchora wewe?”

“Tai yuko wapi? Huyo si bata?” Mzee aliinamia karatasi. “Bwana, mimi dini yangu hainiruhusu kuchora hata kuku.”

Askari mlangoni akaguna kicheko. Bwana Peli hakucheka wala hakuandika.

“Hiyo si hoja,” alimwambia Feruzi. “Watu huvunja dini zao kila siku, na mshtaki akijenga nyumba juu ya ucha Mungu wa mtu, inaanguka. Nipe kitu ninachoweza kukishika.”

Feruzi akaona hapo pana nafasi ya kusaidia uchunguzi. “Bwana, yuko Asmani wa chumvi. Wiki iliyopita aligombana na wanawake wa ufukweni juu ya bei. Aliapa kwamba ndagala wao wataoza.”

“Mlete.”

Asmani alikuja mbio, kilemba kikimfungukia njiani. Ndiyo, aliapa. Nani asiyeapa akigombana na wanawake wa ndagala? Lakini Jumapili na Jumatatu alikuwa Magara, kwenye mazishi ya shemeji yake, na mtumbwi uliomrudisha ulipigwa na mvua ile ile. Mchimba kaburi alikuwa amekuja Rumonge kuuza muhogo. Aliitwa, akaulizwa peke yake, nyuma ya nyumba, ili asisikie majibu ya mwenzake. Kaburi lilichimbwa upande gani wa njia? Nani alishuka ndani? Nani alilia kupita kiasi? Majibu ya wawili yalilingana mpaka kwenye aliyelia kupita kiasi, ambaye alikuwa Asmani.

“Mwache aende,” Bwana Peli alisema. “Na umwambie pole kwa msiba.”

Feruzi alimwambia. Asmani alitoka kinyumenyume, akiwa hajawahi kupewa pole na mtu aliyekuwa akitaka kumfunga.

Jua lilikuwa limepanda. Waliteremka ufukweni, Mmarekani mbele, karani nyuma, na nyuma yao nusu ya Rumonge, iliyokwisha kusikia kwa karani habari ya jaji, ikijifanya inakwenda kuteka maji. Kwenye mchikichi matundu manne ya misumari yalikuwa bado wazi. Bwana Peli aliyapima kwa kidole. Akatazama juu: makuti yalikuwa machache, kinga ya mvua hakuna.

“Karatasi ilitolewa lini?”

“Alhamisi, Bwana. Luteni aliibandua mwenyewe.”

“Kwa hiyo mvua ya Jumatatu ilinyesha juu yake.”

“Kama ilivyotunyeshea sisi sote.”

Mwasiti, mkubwa wa waanikaji, alikuwa akikwangua mchanga uliooza kwa jembe. Hakuacha kazi.

“Amahoro, mama,” Feruzi alimtakia amani kwa Kirundi.

“Amahoro gani? Nusa mwenyewe.” Akajiinua, akaegemea mpini. “Huyu ndiye yule aliyemufunga jaji?”

“Ndiye.”

“Jaji mwenyewe? Wa Kizungu?” Akamtazama Mmarekani kuanzia viatu hadi masharubu, akashusha sauti. “Huyo si mutu, huyo ni mvua. Hachagui paa.”

Bwana Peli aliuliza kama yeye mwenyewe aliweza kulisoma lile tangazo.

“Mimi? Nisome na macho gani? Karani ndiye alitusomea. Mara tatu!” Akainua vidole vitatu. “Ya tatu alipanda juu ya mtumbwi, sauti kama adhana. Tukasema, basi, kama karani amepanda mtumbwi, neno limetoka juu.”

“Anasema,” Feruzi alitafsiri, “kwamba hajui kusoma, na tangazo walisomewa.”

Tafsiri njema ni ile fupi.

Bwana Peli alimtazama Mwasiti, kisha Feruzi, kisha ziwa. Akashukuru.

Nyumba ya Mwalimu Shafii ilikuwa chumba kimoja na ua, na uani ndipo palipokuwa chuo. Mbao za wanafunzi zilikuwa zimeegemezwa ukutani, bado zina aya za Jumatano. Biasha, mke wa mzee, aliwapokea kwa uso uliokwisha kulia kila kilichokuwamo. Bwana Peli alivua kofia kabla ya kuvuka kizingiti. Biasha aliona, akafunika mdomo kwa upande wa khanga.

“Naomba kuuona wino wa mwalimu.”

Akaletewa kifuu cha nazi chenye tope jeusi. Alinusa. Akauliza kimetengenezwa kwa nini.

“Masizi ya chungu,” Biasha alisema, “na utomvu, na maji. Hana mwingine. Huu ndio wa mbao, huu ndio wa kombe.”

“Kombe ni nini?”

Hapa Feruzi ilimbidi aeleze mwenyewe. Mtu akiumwa, Mwalimu humwandikia aya kwenye sahani kwa wino ule. Aya huoshwa kwa maji, na mgonjwa huyanywa maji hayo.

Mmarekani alikizungusha kile kifuu mkononi, na kuku wa uani wakarudi kumzunguka miguu.

“Anatengeneza wino,” alisema polepole, “ili unywewe.”

Akaomba bakuli. Akaomba Biasha amruhusu kuchukua kile kifuu cha wino. Akatembea haraka kurudi, na ile nusu ya Rumonge ikaacha kujifanya inateka maji.

Kwenye baraza, mbele ya Luteni aliyejitokeza na blanketi mabegani, Bwana Peli aliweka vitu vitatu mezani: kifuu cha wino, bakuli la maji, na tangazo. Alimwomba Mwalimu Shafii, aliyekuwa na kamba mkono mmoja, aandike neno lolote kwenye moja ya zile karatasi kumi na tatu kwa wino wake. Mzee aliandika Bismillahi. Jua likaukausha wino katika muda wa kupiga chafya. Bwana Peli alizamisha karatasi ndani ya bakuli. Herufi zikayeyuka kama moshi, maji yakawa meusi, karatasi ikatoka nyeupe kama ilivyozaliwa.

Kisha akachukua tangazo. Luteni akanyanyuka nusu.

“Hicho ni kielelezo cha Serikali!”

“Kimekwisha kuoga, Luteni. Jumatatu, alasiri nzima.” Akalizamisha. Akalihesabia mpaka mia, akalitoa. Kila herufi ilikuwa pale pale. Bata alikuwa pale pale.

Kilisikika kitu kama pumzi moja iliyovutwa na umati mzima. Walikuwa wameona washtaki. Kazi ya mshtaki ni kufunga. Huyu alikuwa ameamka asubuhi, akashika mashtaka yake mwenyewe, akayazamisha kwenye bakuli mbele ya macho yao. Mwasiti alikuwa ameshika jembe kama fimbo ya msikitini. Mwalimu Shafii alitazama yale maji meusi.

“Wino wa tangazo ni wa chuma,” Bwana Peli alisema. “Ni wa ofisi.”

Luteni alikaza blanketi. “Mzee huingia ofisini kila wiki. Aliuiba. Hukuthibitisha kwamba si yeye, umethibitisha kwamba ni mwizi pia. Mashua inapakiwa. Nikirudi kutoka gatini nataka jina jingine. Nikikosa, ninaondoka na hili nililonalo.” Akateremka, askari wawili nyuma yake.

Kivuli cha nguzo ya bendera kilikuwa kimebaki urefu wa mkono. Bwana Peli alikaa. Alifungua daftari la amri, lile ambalo ndani yake karani huandika kila tangazo kabla halijatoka, akalisukuma mbele ya Feruzi.

“Nimejifunza maneno manne ya Kiswahili,” alisema kwa sauti ya chini. “Maji. Asante. Pole. La nne ni karani, lile wanalokuita wewe. Mwanamke wa ufukweni alilitamka. Wewe hukulitafsiri.”

Feruzi alilinyoosha daftari lilingane na ukingo wa meza.

“Tangazo ulilisoma mara tatu. Nimehesabu vidole alivyoinua. Amri zote hupita katika daftari hili, nawe ndiye mwandishi wake. Ukaikuta amri usiyoiandika, ukaisoma mara tatu, na hukushangaa hata mara moja.”

“Kwa nini basi hukumwambia Luteni?”

“Kwa sababu nina uhakika, ila sina ushahidi.” Mmarekani alifunga daftari. “Kulisoma naweza kuthibitisha. Kuliandika, sikukuona. Lile shauri nililoshinda, palikuwa na pengo kama hili. Nilikuwa na sauti nzuri wakati huo. Nikalijaza kwa sauti. Yule mtu alikaa gerezani miaka kumi na mmoja, na hakuwa yeye. Nilikwenda kumfungulia mlango mwenyewe. Aliniuliza ni saa ngapi. Basi. Hakuniuliza neno jingine.” Akainua macho. “Sitajaza pengo tena. Hata kwa ajili ya yule mzee. Anayeweza kulijaza ni mmoja tu hapa, na lugha zote mbili anazo. Akimwambia Luteni kwamba mzee amemtaja Asmani, hakuna wa kumkanusha mpaka mashua ifike Usumbura, penye mkalimani mwingine.”

Viatu vya Luteni vilisikika kwenye kokoto. Umati ukafunguka kumpisha. Mwalimu Shafii alikuwa amekaa kwenye kile kiti, sasa kwa matako mawili, akimtazama Feruzi kwa macho yasiyoomba kitu. Alikuwa anajua. Alikuwa amejua tangu Alhamisi, siku karatasi zilipokutwa.

“Haya,” Luteni alisema. “Jina.”

Feruzi alisimama wima kama alivyofundishwa bwenini. Alisema kwa Kijerumani, kisha akawageukia watu akasema kwa Kiswahili, na hakufupisha.

“Feruzi bin Mbaraka. Alilipigilia misumari kabla ya alfajiri, akaenda kuchemsha chai. Alitaka kucheka. Mwalimu hajui lolote. Karatasi alipewa na huyo huyo, kwa wema.”

Jembe la Mwasiti lilianguka kwenye kokoto.

“Wewe!” alisema. “Magoti yangu, Feruzi! Ndagala wangu! Na hapo juu ya mtumbwi, tumbo lilikuwa linacheka?”

“Lilicheka, mama.”

“Na sasa?”

“Sasa halicheki.”

Luteni alikuwa mwekundu mpaka blanketini. Aliashiria, na askari akakata kamba ya mzee kwa kisu, akaanza kuikusanya kwa ajili ya mkono mwingine. Bwana Peli aliinua kiganja.

“Kwanza maelezo ya mshtakiwa, kwa maandishi. Nitamshtaki mimi, Usumbura, na nitamshtaki vizuri. Nitasema pia kwamba alipoachiwa mlango wazi, hakutoka. Nipeni karani aandike.”

“Karani ndiye huyo!” Luteni alifoka.

“Basi aandike.”

Alipewa kalamu, na wino wa chuma. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule, haraka, kama mtu anayeandika habari za jirani. Alipomaliza Bwana Peli alimwambia asome kwa sauti.

“Karani mmoja aitwaye Feruzi, kijana mwenye akili nyingi, siku ya Jumatatu alipatwa na…”

“Huyo Feruzi ni nani?” Bwana Peli aliuliza.

“Ni… karani, Bwana.”

“Unamfahamu?”

Watu walikuwa wamesogea. Mwalimu Shafii alikohoa. Nadhani alikuwa anacheka.

“Andika tena,” Bwana Peli alisema. “Muda tunao. Mashua itangoja.”

Nikachovya kalamu. Niliandika kwamba ni mimi niliyenyoosha zile herufi kwa rula, mimi niliyemchora yule bata, mimi niliyepanda mtumbwi, na kwamba usiku wa Alhamisi, mzee akiwa amefungwa kamba, mimi nililala.